Ghala Lisilo na Kazi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti tu. Watu wa ghalani walimwita Patasi. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, alichonga mbao kwa patasi kutwa nzima. Ya pili ilikuwa ulimi wake. Ukimchokoza, unaondoka na jeraha.

Asubuhi ile alikuwa ameinama juu ya kipande cha mbao ngumu, kikubwa kama sahani. Alikuwa amechora juu yake majani yaliyopishana. Sasa alikuwa akiondoa mbao pembeni mwa mistari, kidogo kidogo, huku akipuliza unga. Palipobaki juu ndipo patakaposhika rangi. Patasi ikiteleza mara moja, kazi ya siku nne imekwenda na maji.

Alikuwa akitengeneza muhuri wa kupigia chapa vitambaa.

"Bado?" aliuliza mumewe. Watu walimwita Kimya, kwa sababu aliongea kama mtu anayenunua maneno dukani.

"Ukiniuliza tena, nakuchonga wewe."

Kimya akacheka bila sauti. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ndefu, hatua kumi na mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya meza kulikuwa na blanketi, na juu ya blanketi kitambaa cheupe kimevutwa kikanyooka. Kwenye kona, mama yake alikuwa akikoroga rangi ya bluu kwenye ndoo. Ghala zima lilimwita Bibi, hata wale waliomzidi mvi.

Lilikuwa ghala la mji. Zamani lilihifadhi magunia. Magunia yalipokwisha, mume wa Bibi aliruhusiwa kuingia na meza yake. Aliruhusiwa kwa mdomo tu. Mume alifariki, meza ikabaki. Wengine wakaja mmoja mmoja. Sasa walikuwa watu kumi na saba, kila mmoja na kona yake. Fundi Ngoma aliwamba ngozi karibu na dirisha. Dada wawili walishona mavazi ya waigizaji. Brashi, mchora mabango, alikaa mlangoni kwa sababu alipenda mwanga. Yeye alisema hivyo. Wenzake walisema alipenda kuangalia wapita njia.

"Tayari," alisema Patasi, na kunyanyua muhuri.

Kimya aliupokea, akaugusisha kwenye sifongo lenye rangi. Lakini kabla hajaufikisha mezani, Bibi alikuwa amekwisha kuja na kipande chake cha kitambaa cheupe, upana wa viganja viwili.

"Changu kwanza."

Ilikuwa hivyo kila muhuri mpya ulipozaliwa. Kimya aliweka muhuri kwenye kitambaa cha mama yake na kuugonga kwa ngumi. Kap! Majani yakatokea, mabichi na ya bluu. Bibi aliyatazama, akaitikia kwa kichwa, akaondoka na kitambaa chake.

"Mama, hayo matambara yako yatajaza nyumba," alisema Patasi.

"Yajae. Utayadekia sakafu nikifa."

Patasi alitaka kujibu, lakini hapo ndipo debe lilipolia.

Ko, ko, ko.

Ilikuwa ni Brashi, mlangoni, akigonga debe lake kwa mpini wa brashi. Kila mtu ghalani alijua maana yake. Kuna mtu anakuja, na ana karatasi mkononi.

Patasi na Kimya walivuta turubai jeusi juu ya meza. Fundi Ngoma alilaza ngoma zake na kuzifunika kwa magunia. Cherehani zikanyamaza. Mihuri ikaingia chini ya benchi, na Patasi akakaa juu ya benchi akiwa na ungo wa mchele mapajani. Hata kuhesabu hadi ishirini usingefika.

Mchele ule ulikuwa na kazi moja tu, kuchaguliwa mbele ya wageni. Ulikuwa na miaka mitatu na haujawahi kuona sufuria.

Msichana mmoja aliingia, na mkoba begani na kitambulisho shingoni.

"Hamjambo. Natoka kituo cha utafiti. Tunatafiti kazi za ubunifu katika mji huu. Wachongaji, wachoraji, washonaji, wapiga muziki. Naomba kuwauliza maswali machache. Hili ndilo dodoso letu." Alionyesha karatasi zenye maswali.

"Karibu, Dada Dodoso," alisema Brashi kwa adabu nyingi mno, na jina likamganda palepale.

Dada Dodoso alimwendea Patasi. "Dada, unafanya kazi gani?"

"Mimi? Mama wa nyumbani tu. Nachagua mchele."

"Na hapa pana kazi yoyote inayofanyika?"

"Kazi gani? Tunakimbia jua tu."

Msichana alitazama turubai, akatazama sakafu yenye madoa, kisha mikono ya Patasi. "Na hiyo rangi ya bluu kwenye kucha?"

"Nilipaka geti."

Nyumba ya Patasi haikuwa na geti. Haikuwa hata na uzio. Huko pembeni Fundi Ngoma alikohoa, akageukia ukuta.

"Dada yangu," alisema msichana taratibu, "majibu haya yatatumika kupanga mambo ya mji. Ni vizuri yawe ya kweli."

Bibi naye akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa amri.

"Hakuna kazi hapa," alisema Patasi. "Andika hivyo."

Msichana aliandika. Patasi akatia sahihi, nzuri, yenye mkia. Mgeni alipotoka, turubai lilivutwa na ghala likalipuka kwa kicheko.

"Nilipaka geti!" alipiga kelele Brashi. "Shemeji, wewe ungekuwa mwigizaji!"

Patasi alicheka hadi machozi yakamtoka.

Miezi mitatu baadaye, Brashi aliingia ghalani bila kugonga debe. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoibandua mlangoni.

"Someni," alisema. "Mimi nimeisoma mara tatu, haibadiliki."

Patasi alisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Tangazo. Ghala hili halitumiki. Utafiti umeonyesha kwamba hakuna kazi inayofanyika ndani yake. Baada ya siku kumi na nne litabomolewa, na kiwanja kitakuwa maegesho ya malori. Mwenye hoja afike ofisi ya mipango."

Wote wakasema kwa pamoja.

"Halitumiki? Sisi ni mizimu?"

"Nani aliwaambia hakuna kazi?"

Fundi Ngoma alimgeukia Patasi polepole. "Wewe, dada. Wewe ndiye uliyewaambia."

"Na wewe uliwaambia nini? Si uligeukia ukuta?"

"Mimi sikutia sahihi yenye mkia!"

Patasi alitazama meza ndefu. Nyumbani walikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Kitanda chenyewe kiliingia kwa kubembelezwa. Meza ya hatua kumi na mbili ingewekwa wapi? Bila meza, kitambaa hakinyooki. Kitambaa kisiponyooka, chapa inapinda. Na kazi hii ndiyo aliyoijua. Aliitoa kichwani mwake na kuifikisha mikononi, na hakuwa na nyingine.

"Nitakwenda," alisema.

"Wapi?" aliuliza Kimya.

"Kwa yule msichana niliyemdanganya."

Alimkuta Dada Dodoso kwenye chumba kidogo cha kituo cha utafiti, chenye kabati la chuma na meza iliyojaa mafaili. Msichana alimtambua mara moja.

"Mama wa nyumbani," alisema. "Geti limekauka?"

Patasi alikuwa ameandaa maneno makali njiani. Yote yakayeyuka.

"Mdogo wangu, nilikudanganya. Sote tulidanganya. Mle ghalani tupo watu kumi na saba, na mimi nachonga mihuri ya kupigia chapa vitambaa. Sasa wanataka kulibomoa."

Dada Dodoso hakumwambia akae. Alifungua kabati, akatoa faili, akaweka karatasi mezani. "Soma hapa."

Patasi alisoma. Kazi: hakuna. Vifaa: hakuna. Wanaojifunza kazi: hakuna. Na chini, sahihi yake mwenyewe.

"Unajua nilijisikiaje?" alisema msichana. "Niliona rangi kwenye kucha zako. Niliona unga wa mbao kwenye nywele. Lakini mimi siandiki ninachohisi. Naandika ninachoambiwa. Ofisi ya mipango ilipouliza ni majengo gani yana kazi ndani, takwimu zetu zikasema lenu halina. Nyinyi ndio mliobomoa ghala lenu, dada. Tingatinga linakuja kumalizia tu."

Patasi alikaa bila kukaribishwa.

"Tuliogopa," alisema.

"Mliogopa nini?"

"Karatasi."

Msichana akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Sikiliza," alisema, na sasa sauti ilikuwa nyingine. "Unajua kwa nini tunatafiti kazi kama zako? Thamani yake inaanzia kichwani kabla haijafika mkononi. Huo mchoro unaouchonga, kabla yako haukuwepo popote duniani. Huo ndio uchumi wa ubunifu. Kiwanda kina bomba la moshi, kila mtu anakiona. Shamba linaonekana. Kazi yenu iko chini ya turubai. Mji ukitaka kusaidia kazi, unasaidia zile unazozijua. Hauwezi kumpa mahali pa kufanyia kazi mtu ambaye kwenye vitabu vyake hayupo."

"Kumi na saba ni wachache. Watajali?"

"Mbao unanunua kwa nani?"

"Kwa seremala, vile vipande vinavyobaki."

"Vitambaa? Rangi? Nani anavibeba? Chapa ikishapigwa, nani anashona hizo nguo, nani anaziuza? Hesabu watu, si fedha. Watu."

Patasi alihesabu kwa vidole. Vidole vikaisha, akaanza upya. Alipofika thelathini na kitu, aliacha kuhesabu.

"Na hao ni wa meza yangu tu," alisema polepole.

"Umeona?" Dada Dodoso alifunga faili. "Lakini mimi siwezi kufuta sahihi yako kwa maneno. Ukiniruhusu, nitampa afisa mipango karatasi hii, utafiti urudiwe, na yeye aje aone kwa macho yake. Siku ya kumi. Na kila mtu ajibu ukweli. Mmoja wenu akijifunika tena, afisa ataniuliza aamini lipi, nami sitakuwa na jibu."

"Watajibu," alisema Patasi. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa bado hajaongea na Bibi.

"Sitaki," alisema Bibi.

Ilikuwa siku ya sita. Watu wote walikuwa wamezunguka meza ndefu, na Dada Dodoso alikuwa amekuja kuwaeleza. Kumi na sita walikuwa wamekubali, wengine kwa shingo upande. Bibi alikuwa ameshika mwiko wake wa rangi kama mtu anayelinda mlango.

"Mama, tafadhali," alisema Kimya.

"Wewe ulikuwa tumboni, hukuona. Nyamaza." Bibi alimgeukia mgeni. "Walikuja watu watatu, binti. Na daftari, kama lako. Mume wangu aliwajibu kila kitu, kwa fahari. Akawaonyesha mihuri yake, mmoja mmoja. Wiki iliyofuata walirudi na gari. Mihuri arobaini. Waliichoma pale nje kama kuni, kwa sababu hakuwa na kibali cha sijui nini. Hakuchonga tena mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeleta debe. Mimi ndiye niliyeleta turubai. Na tumepona."

Patasi alikuwa ameolewa pale miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kuisikia habari hii.

"Pole, bibi," alisema Dada Dodoso. "Sitakuambia kwamba hayo hayakutokea. Wala sitakuambia kila mwenye karatasi ni mwema. Ndiyo maana una haki ya kumuuliza yeye kabla hajakuuliza wewe."

"Nimuulize nini?"

"Kitambulisho, kwanza. Kisha barua ya ruhusa, iliyotolewa na nani. Muulize majibu yako yatakwenda wapi, na nani ataona jina lako. Mimi, jina lako haliingii kwenye ripoti. Inaingia idadi na aina ya kazi. Swali usilolipenda, sema sijibu, naruka. Hutakiwi kunipa sababu."

"Basi mimi sijibu."

"Sawa. Ni haki yako, na nitaandika 'amekataa kujibu'. Lakini ona, bibi. Nikiandika 'amekataa', anayesoma anajua pale pana mtu. Siku ile hamkukataa. Mliniambia hapana mtu. Hayo mambo mawili hayafanani hata kidogo."

Bibi alimtazama, kisha akautazama mwiko wake. Rangi ilikuwa ikidondoka sakafuni, tone kwa tone. Aliuweka kwenye ndoo, akachukua kanga yake, akatoka bila kuaga.

"Amekubali?" alinong'ona Brashi.

"Mama yangu akikubali, husema," alijibu Kimya. "Akikataa, pia husema. Huku kuondoka sikuelewi."

Siku ya saba Bibi hakuja ghalani. Siku ya nane hakuja. Siku ya tisa Kimya alikwenda nyumbani kwa mama yake akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na sauti ikamwambia, "Nina kazi. Nenda."

Siku ya kumi ilifika na jua kali. Patasi alikuwa amekwisha kutoa mihuri yote na kuipanga kwenye benchi. Ungo wa mchele aliusogeza kwa mguu hadi nyuma ya mlango.

"Usiguse debe leo," alimwambia Brashi.

"Shemeji, mimi ni mtu mzima."

Kazi ikaanza. Cherehani zililia, ngoma zikajaribiwa, Kimya akapiga chapa. Lakini kila mtu alikuwa na jicho moja mlangoni.

Saa nne na nusu wakatokea. Dada Dodoso alikuwa mbele. Nyuma yake alikuja afisa mipango, mwanamume mwenye miwani na faili jekundu. Nyuma yake tena wakaja vijana wawili wenye futi ndefu ya kupimia kiwanja. Hao hakuna aliyekuwa ameambiwa habari zao.

Brashi aliiona futi. Mkono wake ulifanya kazi kabla ya kichwa.

Ko, ko, ko.

Aliuma mdomo, lakini sauti ilikuwa imekwisha kutoka. Na miaka yote ile ya mazoezi ikaamka. Cherehani zikanyamaza. Fundi Ngoma alikuwa amekwisha kulaza ngoma. Kimya alishika ncha moja ya turubai, na Patasi akajikuta ameshika nyingine. Vivuli vya wageni vilikuwa kizingitini. Patasi alitaka kuliachia. Vidole vilikataa.

Kap!

Sauti ilitoka nyuma yao, kwenye mlango mdogo wa uani. Bibi alikuwa amesimama pale, na furushi kubwa begani. Alikuwa amepiga muhuri kwenye ubao wa mlango. Muhuri ulikuwa mweusi kwa uzee, na upande mmoja ulikuwa umeungua.

"Nani aliyewaambia mpumzike?" aliuliza. "Kimya, rangi inakauka."

Patasi aliachia turubai. Lilianguka sakafuni. Kimya aliinua muhuri wa majani, akaugonga. Cherehani ikafuata, kisha ya pili, na wageni walipovuka kizingiti, ghala lilikuwa likivuma lote.

Afisa mipango alisimama katikati. Hakutabasamu. Alifungua faili jekundu na kutoa karatasi.

"Nani mwenye sahihi hii?"

"Ni yangu," alisema Patasi.

"Hapa unasema hakuna kazi."

"Nilidanganya."

"Leo unasema ipo. Nitajuaje kwamba leo ndipo unaposema kweli?" Alionyesha ghala kwa kalamu. "Mtu anaweza kuazima cherehani. Anaweza kuazima meza na ngoma, akavipanga asubuhi, akavirudisha jioni. Nimekwisha kuona mengi. Nionyeshe kwamba kazi hii ilikuwepo jana. Na mwaka jana."

Patasi angeonyesha nini? Walikuwa wametumia miaka wakihakikisha hakuna alama. Hawakuwa na kibao mlangoni, wala daftari, wala picha hata moja.

"Sogezeni kitambaa hicho mezani," alisema Bibi.

Alitua furushi kwenye mwanzo wa meza na kulifungua. Lilikuwa bunda la kitambaa, nene kama gogo. Alishika ncha na kuanza kulikunjua. Kilikuwa kitambaa kimoja kirefu, upana wa viganja viwili, kilichoungwa kipande kwa kipande kwa sindano ya mkono. Kwenye kila kipande kulikuwa na chapa moja.

Majani ya bluu yalikuwa ya kwanza, yale ya Patasi. Kisha samaki wake wa mwaka uliopita. Kisha nyota zilizopinda, za kwanza kabisa alizochonga akiwa bi harusi, ambazo zilimliza kwa aibu.

"Matambara," alinong'ona Patasi.

"Siku tatu nimeunga vilivyobaki," alisema Bibi. "Macho yameniisha."

Kitambaa kilifika mwisho wa meza na bado bunda lilikuwa nene. Brashi alishika bunda, akaenda akilikunjua hadi mlangoni. Fundi Ngoma akalipokea, akatoka nalo nje. Chapa zilizidi kuwa za zamani, rangi zikafifia. Kwenye kona ya kila kipande palikuwa na alama ndogo ya uzi. Uzi mwekundu ulikuwa wa Patasi. Uzi wa kijani ulikuwa wa mume wa Bibi.

Mwishoni kabisa, juani, kulikuwa na vipande arobaini vilivyogeuka njano kwa uzee. Bibi alichukua muhuri ulioungua, akauweka juu ya kimojawapo. Mistari ikalingana, jino kwa jino.

"Huu niliuchomoa motoni," alisema. "Niliogopa kwamba mkijua ipo kumbukumbu, nayo mtaichoma. Lakini mmetaka kuona jana. Hii hapa jana. Uliza lingine."

Afisa mipango alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitembea kutoka mlangoni hadi mwisho wa kitambaa, taratibu, kama anayesoma. Wale vijana wenye futi walisimama wakingoja amri. Mmoja wao, bila kuambiwa, alipima kitambaa kwa hatua zake.

"Hatua mia moja na nne," alisema.

"Bibi," alisema afisa, "ninyi mlikuwa mnatafiti kabla yetu."

Kisha akageuka. "Kunjeni futi. Dada, lete madodoso mapya."

Walijibu hadi saa tisa. Patasi alisema kazi yake bila kupunguza wala kuongeza. Alitaja seremala, wachukuzi, washonaji, na wasichana wawili aliowafundisha kuchonga. Swali moja la mambo ya nyumbani hakulipenda. Alisema, "Ruka," na Dada Dodoso akaruka bila kuinua macho.

Bibi aliulizwa wa mwisho.

"Kitambulisho," alisema.

"Bibi, si unanijua?"

"Nakujua. Lete."

Siku ya kumi na nne hakukuja tingatinga. Ilikuja barua. Ilisema ubomoaji umesimamishwa, na wote wenye kazi ghalani waende kikaoni. Walikwenda wote kumi na saba. Vikao vilikuwa vitatu, na katika cha pili Patasi aligombana na mtu wa malori hadi maji yakaletwa. Mwishowe malori yalipewa kiwanja kingine. Ghala likaandikwa kwenye vitabu vya mji kuwa mahali pa kazi za ubunifu, na wao wakapewa mkataba wa maandishi wa miaka kumi. Waliyokuwa nayo kwa mdomo, sasa walikuwa nayo kwa wino.

Ripoti ya utafiti ilipotoka, mengine yakafuata. Mji ulileta umeme wa uhakika, na cherehani zikaacha kukanyagwa kwa miguu. Chuo cha ufundi kilileta wanafunzi sita kwa Patasi. Siku ya kwanza aliwafundisha kunoa patasi. Ya pili aliwapa kila mmoja kitambaa cheupe, upana wa viganja viwili.

"Kila muhuri mpya, chapa ya kwanza inakaa hapa," aliwaambia. "Weka alama yako na tarehe. Siku moja mtu atakuuliza ulikuwa wapi."

Turubai jeusi halikutupwa. Brashi alilitandaza uani, akalichora kwa rangi nyeupe siku nzima, kisha wakalitundika juu ya mlango. Lilisema, kwa herufi kubwa za kuonekana toka barabarani, "HAPA PANA KAZI." Chini yake aliorodhesha zote. Kazi yake mwenyewe aliiweka ya kwanza, na Fundi Ngoma hajamsamehe hadi leo.

Mchele Bibi aliwamwagia kuku. Kuku waliutazama kwa mashaka, kisha wakaula.

Debe tu ndilo lililobaki mahali pake. Juzi lililia tena. Ko, ko, ko. Mwanamume mgeni alisimama mlangoni, na karatasi mkononi. Ghalani hakuna mkono uliosimama. Ngoma ziliendelea, cherehani ziliendelea. Patasi alipuliza unga wa mbao, akainua uso, akafuta rangi ya bluu kwenye aproni.

"Karibu ndani, kaka," alisema. "Kitambulisho kwanza."